Kiunganishi cha tela kwa njia mbovu

Mtu akiniuliza anunue kiunganishi gani, namuuliza kwanza: gari na tela vitapinda kwa pande tofauti kiasi gani? Kichwa cha duara cha milimita 50, yaani tufe la chuma nyuma ya gari, kinatosha kabisa kwa lami na vumbi la kawaida. Kwenye makorongo hali hubadilika. Gurudumu la gari linapozama upande mmoja na tela kuinamia mwingine, kikombe cha tela kinachofunika kichwa hicho hufika mwisho wa mzunguko wake na kuanza kukabana na kichwa. Hapo chuma hupinda, au kikombe huchomoka.

Ndoano na pete, mtindo wa malori ya jeshi, huvumilia mateso hayo, ila hugongagonga njia nzima. Mimi kelele ile siiwezi.

Chaguo langu ni kiunganishi kinachozunguka nyuzi 360 na kupinda juu, chini na pembeni. Modeli ya DO35, kwa mfano, imepangiwa kuvuta hadi tani 3.5. Kabla ya kulipa, pima uzito wa tela ikiwa na maji, mafuta na mizigo yote, maana tela tupu hudanganya. Kisha kumbuka kwamba kiungo dhaifu ndicho kinachoamua: kiunganishi cha tani 3.5 kwenye gari la kuvuta tani 2 bado ni tani 2.

Kagua pia kama pini ya kufungia inafikika ikiwa imejaa tope. Minyororo ya usalama ipishanishe chini ya kiunganishi, na uiachie ulegevu wa kutosha kwa kona kali.