Kutoka fundi hadi shahada ya ujenzi bila kuuza kiwanja: hatua kwa hatua (Tanzania)

Kila dirisha la udahili likifunguliwa napigiwa simu na mafundi. Mmoja ni mwashi mwenye cheti cha VETA, mwingine ni fundi sanifu aliyechoka kusimamia saiti huku muhuri ukigongwa na mtu mwingine. Wote wanauliza wasome wapi kwa gharama wanayoiweza, wasije wakatoka na karatasi tupu. Nimetoka kumsaidia mdogo wangu, kwa hiyo naandika mambo yakiwa bado kichwani. Mimi ni mkadiriaji majenzi, yaani mtu wa kupima na kukadiria gharama za ujenzi. Ukiona nawapendelea wakadiriaji, ndiyo sababu.

Hatua ya 1: Anza na muhuri, chuo baadaye

Ukitaka kusaini kama mhandisi, bodi yako ni ERB, bodi ya usajili wa wahandisi. Mbunifu majengo na mkadiriaji majenzi ni AQRB, bodi inayowasajili wao. Ukitaka kampuni ya ukandarasi, CRB, bodi ya makandarasi, watataka kujua sifa za mtaalamu wako wa ufundi. Waulize bodi husika: shahada hii, ya chuo hiki, kwa jina lake kamili, inanisajili daraja gani? Shahada mbili zenye majina yanayokaribiana zinaweza kukupeleka madaraja tofauti, na hilo kipeperushi cha chuo hakikuambii.

Hesabu na miaka. Ubunifu majengo pale Chuo Kikuu Ardhi ni miaka 5. Uchumi wa majenzi, ambao ndio wa wakadiriaji, ni 4, uhandisi ujenzi nao 4, kisha mhandisi mhitimu ana miaka mitatu ya mafunzo chini ya mpango wa SEAP kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu. Mwaka mmoja bila kipato cha saiti unaweza kukugharimu kuliko ada yenyewe.

Hatua ya 2: Chagua mlango

Kwa fundi, mlango ni diploma. Kuna wanaorudi kufanya kidato cha sita kama watahiniwa binafsi. Siwazuii, ila siwashauri. Kwa ngazi ya kitaifa, mwenye diploma anahitaji GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, D kwenda juu. Kozi yenyewe inaweza kudai zaidi. Kama ufundi uliupata mtaani bila cheti, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, lakini cheti hicho kinakutambulisha kama fundi. Hakikupeleki moja kwa moja kwenye shahada.

Hatua ya 3: Pakua mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu)

Kuna wa kidato cha sita na wa diploma. Soma wa kwako, wa mwaka huu.

Hatua ya 4: Namba ya uhakiki wa diploma, yaani AVN

Hapa ndipo watu wanalala na simu mkononi. Aliyesoma diploma chuo kilicho chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, hawezi kuomba shahada bila AVN, na anaiomba mwenyewe kwenye tovuti ya NACTVET. Kwenye karatasi ni dakika chache: namba ya mtihani wa kidato cha nne, taarifa za chuo, namba ya malipo, unalipa kwa simu, unasubiri.

Tatizo la kwanza ni matokeo kutokuwepo. Mfumo unasoma kile chuo chako kilichowasilisha. Ukikuta muhula mmoja haupo, usipoteze siku kuwapigia NACTVET. Nenda ofisi ya mitihani ya chuo ulikosoma, ukiwa na nakala ya matokeo yako, na uondoke ukiwa na jina la ofisa anayelishughulikia. Simu peke yake haitoshi. Wakati wa udahili ofisi hizo zina foleni, na anayeonekana mlangoni ndiye anayehudumiwa.

La pili ni majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Rashidi, cha diploma kinasema Rashid, NIDA wameandika majina mawili badala ya matatu. Kwako ni mtu yuleyule, kwa mfumo ni watu watatu. Chukua cheti cha kidato cha nne kama msingi, urekebishe vingine vikifuate, kwa sababu kubadili jina Baraza la Mitihani ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Tofauti ya herufi mara nyingi humalizwa kwa kiapo cha mwanasheria. Jina tofauti kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hiyo haiishi kwa wiki moja. Uliza kwanza ofisi inayopokea inataka ipi, ndipo umlipe wakili.

La tatu: usimwachie kijana wa steshenari afungue akaunti kwa barua pepe yake. Nimeona mtu akitafuta nywila yake kwa kijana aliyeshahama mji. Barua pepe iwe yako, namba ya simu iwe yako.

Fanya haya miezi kabla ya dirisha. Aliyesoma nje ya nchi aanze na ulinganifu wa vyeti.

Hatua ya 5: Kakague chuo

Napendelea vya serikali: Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), Chuo cha Ufundi Arusha. Hivyo vitatu vya mwisho vina asili ya ufundi, na fundi hatajiona mgeni. Ukifika, acha majengo mapya. Ingia maabara, mwulize fundi wa hapo mara ya mwisho kyubu za zege (vipande vya kupimia nguvu ya zege) zilivunjwa lini, na nani alishika mashine, mwanafunzi au yeye. Kisha mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mwulize fildi (mafunzo kwa vitendo) alifanyia wapi.

Hatua ya 6: Pesa

Ada iko kwenye mwongozo. Isiyoandikwa ni kompyuta inayobeba programu za michoro, kuprinti karatasi za A1, nauli za fildi, na kwa wabunifu majengo, modeli. Mikopo ni HESLB, yaani Bodi ya Mikopo. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, kwa Zanzibar ZCSRA, anza mapema. Soma masharti ya umri na mwaka uliomaliza diploma, maana mafundi wengi huchelewa na kukwama hapo. Mkopo ukitoka, usidhani unafunika ada yote, hasa ya chuo binafsi.

Hatua ya 7: Omba, kisha thibitisha

Unaomba kwa kila chuo moja kwa moja, vitatu vinatosha. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, unatumiwa namba ya siri kwa ujumbe wa simu ili uthibitishe kimoja kabla ya tarehe ya mwisho. Kwa hiyo laini uliyojazia fomu isitoke kwenye simu, hata kama saiti yenu haina mtandao.