Somo: Desktopu ya mtumba au kuunda mashine mpya ya gemu? (Wadau wa Arusha na Moshi)

Wadau, habari za jioni. Ujumbe ni uleule kila wiki: "Mkuu, hela yenyewe kidogo, nataka kucheza gemu, ninunue mtumba au niunde?" Leo naandika mara moja, nikiulizwa tena natuma hii.

Msimamo wangu: bajeti ikibana, chukua desktopu ya ofisi iliyotumika, kisha uipachike grafiksi kadi ndogo (kipande kinachochora picha za gemu). Ila mtumba una mitego yake.

Hatua ya 1: Andika gemu unazocheza
Si zile unazoziota. GTA V, ile ya zamani (Legacy), inaanzia RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4. EA Sports FC 24 inaomba GB 8, kadi ya kiwango cha GTX 1050 Ti na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Kama unacheza ile ya kwanza tu, nusu ya somo hili ruka.

Hatua ya 2: Soma namba ya prosesa
Prosesa ndiyo ubongo wa mashine, na hapa ndipo tunapopigwa. Mimi mwenyewe niliwahi kubeba mashine kutoka duka moja mjini, natembea kifua mbele kwa sababu ilibandikwa stika ya prosesa ya Intel, "i7". Nafika nyumbani Sakina, nawasha: i7-2600, ya mwaka 2011, viini vinne. Wakati i5-8500 ya 2018 ina viini sita na inaiacha mbali. Tangu siku hiyo stika siisomi. Tazama namba baada ya kistari: 2600 ni kizazi cha 2, 8500 cha 8, 10400 cha 10. Usishuke chini ya cha 8, maana kwa Intel Windows 11 rasmi huanzia hapo, na Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ulizia Dell OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4.

Hatua ya 3: Kasha na pawa saplai
Kasha jembamba liache hata kama linang'aa, kadi ya kimo cha kawaida haiingii. Chukua linalosimama kama mnara. Kisha jua hili: OptiPlex hizo hazitumii plagi ya pini 24 iliyozoeleka, kwa hiyo huwezi kuchomoa pawa saplai ukaweka kubwa kirahisi. Tafuta kadi isiyo na tundu la waya wa umeme. Tundu la kadi kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine) lenyewe hutoa hadi wati 75, na GTX 1050 Ti au GTX 1650 za aina hiyo zinaridhika nazo. Igeuze kadi uitazame kabla ya kulipa, maana kuna 1650 zenye tundu la waya.

Hatua ya 4: Ijaribu palepale
Nusu saa, usione aibu. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka); ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, aga uondoke. Fungua ubavu uone vumbi. Programu ya CrystalDiskInfo itakuonyesha diski imewashwa saa ngapi.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya kuunda
Mazabodi ya AM4 (tundu la prosesa za AMD), prosesa ya Ryzen 5 5600G, RAM mbili za GB 8, SSD (diski ya kasi), pawa saplai, kasha. Prosesa hiyo ina grafiksi ndani, unaanza bila kadi. RAM ziwe mbili kweli. Ukiweka moja ya GB 16, grafiksi inadhoofika kwa sababu inategemea RAM hiyohiyo, na moja hupitisha data kwa njia moja badala ya mbili. Jumlisha na gharama ya kusafirisha mzigo kutoka Kariakoo. Ikizidi mtumba kwa zaidi ya bei ya monita, mimi nabaki na mtumba. Ikiwa chini ya hapo, unda.

MASWALI

Mdau wa Majengo, Moshi: Kaka, laptopu ya mtumba je?
Kama unahamahama hosteli, sawa. Lakini grafiksi yake kwa kawaida hubadilishi, na kwa joto la Moshi mwezi Januari feni italia kama mashine ya kusaga.

Chalii wa Njiro: Nina OptiPlex, nimepata grafiksi kadi ya RX 580 bei ya kutupa. Wanasema ilichimba sarafu za mtandaoni.
Inawezekana, sarafu ya Ethereum iliacha uchimbaji Septemba 2022, kadi nyingi zikarudi sokoni. Sikiliza feni, ndizo huchoka mapema. Lakini kwako hiyo si hoja: inataka waya wa umeme na wati zaidi ya mara mbili ya zile 75. Kwenye OptiPlex yako achana nayo.

Dada wa Ngarenaro: Mimi nataka mashine ya hesabu za duka, mwanangu wa kidato cha pili anataka gemu. Moja inatosha?
Inatosha, dada. Fungua akaunti mbili, ya kwako iwe na nywila asiyoijua. Na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) inunue kabla ya hiyo grafiksi kadi yake. Umeme ukikatika yeye atarudia mechi, wewe utaanza kuandika upya mauzo ya mchana kutwa.