Mashine ya kutotolesha, taa na friji: namna ya kujipanga ukifuga kuku nyumbani

Mayai 24 ya kwanza niliyoyaweka kwenye mashine ya kutotolesha yalinipa vifaranga watatu tu, na wote miguu imelegea. Kioo cha mashine kilikuwa kinaniandikia nyuzi 37.5 siku zote 21, kila nikipita nachungulia naridhika, halafu nilipovunja yale mayai yaliyobaki nikakuta vifaranga wamekamilika kabisa, wana manyoya wana mdomo, wamefia ndani. Kumbe kile kijiti kinachopima joto kilikuwa kimesogea hadi kwenye tundu la hewa, penye ubaridi, kwa hiyo mashine yenyewe inaona baridi inaongeza moto, na kule kwenye mayai joto linapita 39. Toka siku hiyo siamini namba ya mashine yoyote mpaka niipime mwenyewe, na hilo ndo la kwanza ninalomwambia kila anayeanza.

Kupima kwenyewe sio kazi. Chukua kipimajoto cha homa kile cha nyumbani, chukua na kile unachotaka kukiweka kwenye mashine, vitumbukize ncha zake kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu ya kama 38 hivi, koroga kidogo halafu soma vyote kwa pamoja. Kama kimoja kinasema 37.8 na kingine 38.6 basi unajua cha mashine kinadanganya kwa kiasi gani, andika tofauti hiyo kwenye kipande cha karatasi ubandike juu ya mashine usije ukasahau. Kipima unyevu nacho kina njia yake: weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea maji kidogo iwe kama uji mzito isiyeyuke yote, ingiza pamoja na kipima unyevu ndani ya mfuko wa plastiki ufunge vizuri, acha usiku kucha. Asubuhi kinatakiwa kisome asilimia 75, kikisoma 68 basi ujue kila unapokisoma unajumlisha 7.

Ukishavijua vipimo vyako washa mashine ikiwa tupu saa 24 kabla ya kuweka yai hata moja. Watu wengi wanaruka hapa kwa sababu wana haraka, mayai yameshakusanywa, lakini bora mayai yasubiri siku moja zaidi mahali pa ubaridi kidogo, ncha iliyochongoka ikiangalia chini, kuliko kuyapika. Yai la kutotolesha linakaa vizuri kama wiki moja kwenye nyuzi 12 hadi 18, na friji ya jikoni sio mahali pake, ni baridi mno. Mashine yenyewe iweke chumba ambacho joto lake halibadilikibadiliki, jua lisiifikie, isiwe mkabala na dirisha wala ubavuni mwa friji maana friji inatoa joto nyuma.

Mashine yenye feni unaiweka 37.5. Isiyo na feni unapima usawa wa juu ya mayai na unataka kama 38.5, kwa sababu humo joto linapanda juu na chini kunabaki ubaridi. Unyevu siku 18 za kwanza asilimia 45 mpaka 55, siku tatu za mwisho unaupandisha 65 mpaka 70. Mayai yageuzwe angalau mara tatu kwa siku, na hata kama mashine inageuza yenyewe chora alama ya X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli, maana ile mota ya kugeuzia huwa inakwama kimyakimya, unaisikia inavuma unadhani inafanya kazi kumbe gia imekatika jino na mayai yamelala upande mmoja siku tatu. Ukichungulia asubuhi unaona X, jioni ukaona X ileile tena, unajua kuna tatizo. Siku ya 18 unaacha kugeuza kabisa.

Sasa umeme. Umeme ukikatika jambo la kwanza ni kutofungua mashine. Najua mkono unawasha, unataka kuona kama mayai yamepoa, usifungue. Joto lililomo humo ndo akiba yako. Mayai ambayo hayajafika wiki mbili yanavumilia kupoa kwa saa kadhaa kuliko watu wanavyodhani, kuku mwenyewe anapolalia huwa anashuka kwenda kula na mayai yanapoa akirudi anaendelea. Joto la kuzidi ndo linaua haraka. Funika mashine kwa blanketi, na kama unaona umeme hautarudi leo chemsha maji, yatie kwenye chupa, zifunge chupa kwa taulo uziegemeze kwenye kuta za mashine ndani ya lile blanketi, zisiguse mayai. Ukiwa na kipimajoto chenye waya mrefu unasoma joto kutoka nje bila kufungua chochote, hicho kifaa kidogo kimeniokolea mayai zaidi ya mara moja.

Mayai ya siku ya 18 kuendelea ni habari nyingine na hapa watu wanakosea. Hao wa ndani ni vifaranga kamili, wanatoa joto lao wenyewe na wanahitaji hewa, feni ikisimama ukawafungia na blanketi mpaka kwenye matundu unawakosesha pumzi. Funika ukipenda lakini matundu ya hewa yabaki wazi.

Umeme ukirudi usiyatupe mayai kwa hasira. Acha siku nne tano zipite, yamulike kwa tochi gizani, yenye uhai utaona mishipa au kivuli kinachocheza, yaliyokufa utaona duara la damu au uji unaoyumbayumba. Na usishangae wakichelewa, mimi nimeshapata vifaranga siku ya 22 na hata 23 baada ya umeme kusumbua, wakiwa wazima kabisa. Kama mnakatiwa mara kwa mara tafuta inveta na betri kabla ya kuweka mayai, mashine ndogo haili umeme mwingi, lakini ijaribu kwa kuchomoa plagi ukutani mchana ukiwa umekaa hapo uone inadumu saa ngapi.

Wakianza kutotoa usifungue kila anapotoka mmoja, unyevu unakimbia na waliobaki wanagandiana na utando wa ganda. Kifaranga ametoka na kiini tumboni, anaweza kukaa humo saa 24 bila kula wala kunywa na asidhurike. Subiri wakauke.

Wakishatoka ndo tunaingia kwenye taa, na taa ndo kitu kinachoniogopesha kuliko vyote. Taa ya joto ya wati 250 ikiangukia maranda makavu uliyowatandikia vifaranga ni moto, sio suala la labda. Ile klipu inayokuja nayo usiitegemee, ifunge kwa cheni kwa juu halafu weka na cheni ya pili au waya mgumu sehemu nyingine, kiasi kwamba ya kwanza ikikatika taa inaning'inia tu haifiki chini. Kamba ya umeme isitumike kuninginizia. Usiichomeke ekstensheni moja na birika la umeme au pasi, shika ile plagi baada ya nusu saa, ikiwa ya moto kiasi cha kutaka kutoa mkono basi soketi imelegea au waya ni mwembamba, zima ubadilishe. Chombo cha maji kikae mbali nayo, tone moja la maji baridi kwenye balbu ya moto linaipasua. Na unaponunua balbu soma boksi: zile zilizopakwa utando wa kuzuia zisipasuke, utando wa aina ile ya kwenye vikaango visivyogandisha, zikipata moto zinatoa hewa yenye sumu kwa ndege, unaweza kuamka ukute wote wamekufa na hakuna jeraha. Hata kikaango chenyewe kikisahaulika jikoni kikaungua kinafanya hivyohivyo, kwa hiyo vifaranga wasikae jikoni.

Ukiweza pata sahani ya joto, ile wanayoingia chini yake kama wanaingia chini ya mama yao. Inakula umeme kidogo sana ukilinganisha na taa, haiwaki moto kirahisi, na usiku wanalala gizani kama inavyotakiwa.

Joto la wiki ya kwanza ni 32 hadi 35, halafu unashusha nyuzi 3 hivi kila wiki mpaka waote manyoya. Ila sikiliza vifaranga kuliko kipimajoto. Usiku mmoja niliamka kama saa nane nikasikia wanalia ile sauti kali ya juu isiyokoma, kawaida yao usiku ni kamlio kadogo ka usingizi. Nikaenda na tochi, balbu imekufa, wamerundikana kona moja wamepandana kama magunia, wa chini kabisa wawili wamelala kifudifudi macho yamefumba. Nikawatoa nikawaweka kifuani ndani ya shati, mmoja baada ya muda nikamsikia anapapasa kwa kucha, mwingine hakurudi. Sikuwa na balbu ya akiba. Siku hizi huwa nina mbili, na naweka taa kwenye upande mmoja wa boksi, sio katikati, ili wakisikia joto wakimbilie upande wa pili na wakisikia baridi wasogee. Wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikaa pembeni kabisa wamepanua midomo wanahema wana joto, wakitawanyika wengine wanakula wengine wamelala wamejinyoosha hapo pazuri.

Friji. Ukilea vifaranga ndani ya nyumba utashangaa vumbi linakotoka, ni unga mweupe wa manyoya unaopaa na kukaa kila kitu, na friji inaunyonya wote. Zile bomba nyembamba za nyuma au za chini zinazotoa joto zikifunikwa na ule unga friji inashindwa kupumua, kompresa, ile mota ya friji, inaunguruma mchana kutwa haipumziki, ubavu unakuwa wa moto, na chakula hakipoi. Kabla hujaita fundi chomoa plagi, ivute mbele, piga ile sehemu kwa brashi laini kutoka juu kwenda chini, futa sakafu, rudisha uache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Msimu wa vifaranga mimi nafanya hivi kila mwezi. Halafu angalia mpira wa mlango: bana karatasi mlangoni uivute, ikitoka bila kushikilia mpira umechoka au umechafuka, jaribu kwanza kuuosha na maji ya uvuguvugu na sabuni.

Chanjo za kuku zinataka nyuzi 2 mpaka 8. Weka kwenye kopo lenye mfuniko, rafu ya katikati, sio mlangoni ambako kila akifungua mtu inapata joto, na sio kuugusa ukuta wa nyuma ambako huwa kunagandisha. Kujua kama umeme ulikatika ukiwa safari, gandisha maji kwenye kikombe ndani ya friza uweke sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta sarafu chini, barafu iliyeyuka ikaganda upya. Friji isipofunguliwa inahifadhi ubaridi kama saa 4, friza iliyojaa kama saa 48, ya nusu saa 24, kwa hiyo kabla saa hizo hazijapita kuku wako uliowachinja bado wana muda, ila chanjo iliyokaa na joto tupa, utachanja na ugonjwa utaingia hivyohivyo.

Mayai ya kula kama hujayaosha yanaweza kukaa nje ya friji, yana utando wake wa asili unaoziba vitundu vya ganda. Ukishayaosha ule utando umeondoka, hayo lazima yaende friji, na yakishaingia friji usiyatoe kuyaacha mezani yakatoa jasho. Ukiosha tumia maji yenye joto kuliko yai, maji ya baridi yanafanya yai linyonye uchafu ndani.

La mwisho ni mashine ya kufulia, na hii imeshanimwagia maji sakafuni mara mbili. Nguo za bandani zina maranda mifukoni, zina manyoya kwenye soksi, na vyote vinaishia kwenye pampu. Zikung'ute nje, geuza mifuko, ziingize kwenye mfuko wa wavu, fua peke yake bila nguo za watoto, maji ya nyuzi 60 kama kitambaa kinaruhusu kwa sababu kinyesi cha kuku hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha. Mashine ikigoma kutoa maji au ikisimama ina maji ndani, chomoa plagi, mbele kule chini kuna kamlango kadogo, tandika taulo na beseni la kina kifupi, fungua lile chujio polepole kuelekea kushoto maji yatoke kidogokidogo, yakizidi beseni funga, mwaga, fungua tena. Utatoa donge la manyoya na maranda limeshonana kama jamvi. Ingiza kidole umulike na tochi uone kile kipangaboi cha pampu kinazunguka, kama kuna unyoya umejizungushia uuvute wote. Osha chujio bombani, rudisha, kaza mpaka mwisho, halafu washa na uzungushe maji matupu mara moja ukiwa umekaa hapo unaangalia kama pana tone.