Kuzuia virusi vya kikombozi kwenye ofisi ndogo

Virusi vingi vya kompyuta vinaondoka ukivifuta. Vya kikombozi ni tofauti: vinafunga kila faili kwa ufunguo alio nao mshambuliaji peke yake, kisha vinaacha ujumbe wa kudai fedha. Antivairasi ikivifuta baadaye, faili zinabaki zimefungwa vilevile. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni bakapu (nakala ya akiba), hata kabla ya antivairasi.

Nunua diski mbili za nje. Ijumaa jioni chomeka ya kwanza, nakili kazi zote, chomoa, kaifungie kabatini. Ijumaa inayofuata tumia ya pili, na ile ya kwanza ikakae jengo jingine. Usiache diski imechomekwa wiki nzima kwa sababu ya uvivu wa kuinama: virusi hivi hupita diski zote zilizounganishwa (D, E, F) na folda zote za mtandao wa ofisi, na vingi huanza kwa kufuta nakala ambazo Windows yenyewe hujiwekea ndani. Folda ya Google Drive inayojilinganisha na kompyuta nayo haitoshi, maana faili iliyofungwa hupandishwa juu na kuchukua nafasi ya ile nzima. Matoleo ya zamani yapo, lakini kwa kawaida hukaa siku 30 tu, na kurudisha maelfu ya faili moja moja ni mateso. Kila mwezi fungua faili chache za bakapu kwenye kompyuta nyingine uone kama kweli zinafunguka.

Mwaka 2017 virusi vya NotPetya viliifikia kampuni ya meli ya Maersk na kuharibu seva zake za kuthibitisha watumiaji duniani kote. Ilisalimika moja tu, ya ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva ikawa nje ya mtandao. Seva hizo zilijengwa upya kutokana na nakala hiyo.

Sasa milango ambayo virusi hivi huingilia. Mkubwa kwetu ni programu za kukraki, yaani za kulipia zilizovunjwa ulinzi ili zitumike bila leseni. Virusi vya familia ya STOP, viitwavyo pia Djvu, vimesambaa hasa kupitia kraki na vifaa vya kuamilisha Windows au Office bila leseni. Maelekezo yake huanza na “zima antivairasi kwanza”, yaani mwenye nyumba anamfungulia mwizi. Mara nyingi huja pamoja na programu inayokomba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Kama hakuna bajeti ya Office, LibreOffice ni ya bure na inafungua faili za Word na Excel.

Kraki pia huwafanya watu wazime masasisho, na kwenye kompyuta zisizosasishwa ndipo WannaCry, virusi vingine vya kikombozi, ilipopita tarehe 12 Mei 2017. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, tangu 14 Machi. Hospitali za Uingereza ambazo hazikukiweka zilirudi kwenye karatasi na kalamu. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, basi panga kuhamia 11.

Flashi iliyorudi kutoka stationery ikionyesha folda zako kama njia za mkato za KB 1 au 2, usibofye. Njia hiyo ya mkato huendesha virusi kwanza, halafu inakufungulia folda halisi usishtuke. Fungua Command Prompt, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (badala ya E weka herufi ya flashi yako), na faili zilizofichwa zitatokea. Nakili nyaraka tu, kisha fomati flashi. Vilevile washa “File name extensions” kwenye menyu ya View, ili risiti.pdf.exe isijifanye risiti.pdf.

Wafanyakazi watumie akaunti ya kawaida, si ya administrator. Kama mnaingia kwenye kompyuta ya ofisi mkiwa mbali kwa Remote Desktop, msiiache port 3389, mlango inaotumia, wazi kwenye intaneti. Washambuliaji huitafuta usiku na mchana.

Virusi vikishaingia, chomoa waya wa mtandao na zima Wi-Fi mara moja. Ukishindwa kuitenga kompyuta, izime kabisa. Usichomeke diski ya bakapu hapo, hata kwa “kuangalia tu”. Piga picha ujumbe wa kikombozi, weka faili mbili zilizofungwa kwenye flashi tupu, na kwa kompyuta safi zipeleke nomoreransom.org, mradi wa Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na polisi wa Uholanzi unaotoa funguo za bure kwa baadhi ya familia. Ufunguo usipokuwepo leo, tunza faili zilizofungwa. Funguo nyingine hupatikana baada ya miaka.

Kulipa hatushauri. Colonial Pipeline, kampuni ya mabomba ya mafuta ya Marekani, ililipa bitcoin 75 mwaka 2021, na kifungulio ilichopewa kikawa kizito kiasi kwamba iliendelea kutegemea bakapu zake.

Fomati diski nzima, weka Windows upya, badilisha nywila zote kutoka kifaa kingine ukianza na barua pepe na benki, ndipo urudishe nakala. Toa taarifa kwa kituo cha taifa cha matukio ya usalama wa mtandao: Tanzania ni TZ-CERT, Kenya ni KE-CIRT. Kama data za wateja zimeguswa na wanaweza kudhurika, sheria ya Kenya ya 2019 inakupa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data, kuanzia ulipojua.