Kompyuta ya zamani isitupwe, ijaribu Linux Mint kwanza

Shangazi yangu wa Langoni, hapa Lamu, ana HP kuukuu ya kuandikia risiti za wageni. Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wananiletea mashine kama hiyo wakidhani zimekufa. Hazijafa: Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, unaweza kuchukua nafasi ya Windows.

Muulize mwenyewe kwanza: hufungua nini kila siku? Shangazi alinijibu: barua pepe, eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), WhatsApp. Vyote hivyo vinafunguka ndani ya kivinjari. Wengi wamezoea Chrome, nayo ina toleo la Linux. Firefox huja pamoja na Mint. Mtu wa namna hii hatapotea. Anayetegemea programu ya hesabu iliyoundwa kwa Windows tu, usimhamishe.

Nakili faili zote kwenye diski ya nje. Usiruke hapa, nakusihi: mimi nilipoteza picha za harusi ya dada yangu, na hazirudi.

Pakua Mint, iandike kwa Etcher, programu ya kuandaa flashi ya kuwashia kompyuta, kwenye flashi ya GB 8 isiyo na kitu, kisha washa mashine ukibonyeza F9 kwa HP, au F12 kwa Dell. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya mashine. Kaa nayo asubuhi nzima. Jaribu Wi-Fi, sauti, printa; ifunike, uifunue, uone kama inaamka. Kwa shangazi printa ilikubali mara moja, Wi-Fi ikagoma mpaka nilipochomeka simu kwa waya nikapakua draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa.

Ukiridhika, na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ikiwa angalau GB 4, sakinisha.