SOMO: Jinsi ya kukagua filamu za ndege za zamani na za vita kabla hujazisambaza

Wakuu, salaam.

Kuna video zinazunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp: "Ndege ya kwanza duniani ikiruka, 1903", "Mapigano ya angani, Vita Kuu ya Kwanza". Zina rangi, zina ngurumo ya injini, zina milio ya risasi. Mara nyingi picha yenyewe ni ya kweli, ila maelezo yaliyobandikwa chini yake ni ya uongo. Inaniuma, kwa sababu watu walibeba kamera nzito mpaka kwenye mahandaki ili kupata picha zile. Fuateni hatua hizi, simu inatosha.

Hatua ya 1: Zima sauti, sahau rangi

Hadi miaka ya mwisho ya 1920 filamu za habari hazikuwa na sauti. Ngurumo yoyote unayoisikia kwenye picha za 1909 au 1916 imepachikwa baadaye. Rangi nazo siku hizi zinakisiwa na kompyuta. Zamani ilikuwepo desturi ya kutia fremu nzima rangi moja, kwa mfano buluu kwa usiku, na hiyo ni ya asili. Majani ya kijani na nyuso za rangi ya ngozi mara nyingi ni kazi ya juzi.

Hatua ya 2: Rekebisha mwendo

Wapiga picha wengi walizungusha mpini kwa mkono, fremu 16 hivi kwa sekunde. Mkanda huo ukionyeshwa kwa fremu 24, mwendo unaongezeka mara moja na nusu, ndiyo maana askari wanatembea kama wanaofukuzwa. Kwenye YouTube weka kasi ya 0.75, kisha tazama miguu ya watu. Wakianza kutembea kibinadamu, hapo ndipo uiangalie ndege. Kama aliyeipandisha video amesharekebisha, usiguse.

Hatua ya 3: Uliza kama kamera ilikuwepo

Tarehe 17 Desemba 1903 Orville na Wilbur Wright waliruka mara nne karibu na Kitty Hawk, North Carolina. Mruko wa kwanza ulichukua sekunde 12. Wa mwisho ulichukua sekunde 59 na kufika mita 260. Kamera iliyokuwepo ilikuwa ya picha mnato, na aliyeifyatua ni John T. Daniels, mmoja wa waokoaji wa pwani. Filamu haikupigwa. Video yoyote ya "1903" inayotembea, maelezo yake ni ya uongo.

Mara nyingi unachoonyeshwa ni cha 1908 au 1909: Wilbur karibu na Le Mans, Ufaransa, au Orville pale Fort Myer, Virginia. Mtazame rubani. Mwaka 1903 alilala kifudifudi juu ya bawa la chini. Mwaka 1908 anakaa kitini, na pembeni yake kuna kiti cha abiria. Tazama pia kama nyuma kuna mnara wa mbao. Ule ulikuwa na uzito wa kudondoshwa ili kuivuta ndege kwenye reli yake, na 1903 haukuwepo.

Ukipata video iliyopigwa kutoka ndani ya ndege ya Wright, huenda umeokota johari. Tarehe 24 Aprili 1909, uwanja wa Centocelle karibu na Roma, Wilbur alipanda na mpiga picha, na ndiyo filamu ya kwanza kupigwa kutoka kwenye ndege inayoruka. Ardhi inapita chini, magofu ya mfereji wa maji wa Warumi yanasogea. Mimi huirudia kila nikiikuta.

Hatua ya 4: Soma alama kwenye mabawa

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Agosti 1914 ndege za Waingereza ziliingia vitani karibu bila alama. Zikachorwa bendera yao, lakini kwa mbali misalaba ya bendera ile ilifanana na msalaba wa Wajerumani, na askari wao wenyewe wakawa wanazipiga risasi. Kufikia mwisho wa mwaka huo wakaiga miduara ya Wafaransa na kugeuza rangi: Mfaransa ana buluu katikati na nyekundu nje, Mwingereza ana nyekundu katikati na buluu nje.

Utazitofautishaje kwenye picha isiyo na rangi? Filamu za wakati ule hazikuiona nyekundu, kwa hiyo ilitoka karibu nyeusi, na buluu ikatoka hafifu, ndiyo maana anga ni nyeupe tupu. Kitovu cheusi, pete ya nje hafifu: Mwingereza. Kitovu hafifu, pete ya nje nyeusi: Mfaransa.

Msalaba wa Mjerumani nao unataja mwaka. Wenye mikono iliyopanuka nchani ni wa zamani zaidi. Wenye mikono iliyonyooka ulianza majira ya kuchipua ya 1918. Ukiona msalaba ulionyooka kwenye video ya "1915", umeshajua.

Hatua ya 5: Mpiga picha alisimama wapi?

Filamu ya Waingereza kuhusu mapigano ya Somme, Ufaransa, iliyopigwa na Geoffrey Malins na John McDowell, ilitoka Agosti 1916, na inakadiriwa watu milioni 20 waliiona Uingereza ndani ya wiki chache. Ndani yake kuna mlipuko mkubwa wa baruti iliyotegwa chini ya ngome ya Wajerumani pale Hawthorn Ridge, tarehe 1 Julai saa 1:20 asubuhi, dakika kumi kabla ya mashambulizi. Huo ni wa kweli kabisa. Kuna pia askari wanaopanda kutoka handakini na mmoja anateleza kurudi chini kana kwamba amepigwa. Hiyo iliigizwa, kwenye kituo cha mafunzo nyuma ya mstari wa vita. Kamera imesimama mahali ambapo risasi zingemmaliza mwenye nayo, na askari hawana mizigo mgongoni. Hivyo filamu moja inaweza kubeba yote mawili, nawe ukague kipande kwa kipande.

Angani ni rahisi zaidi. Ukiona uso wa rubani kwa karibu akifyatua bunduki, kisha adui anawaka moto katikati kabisa ya picha, fikiria maigizo ya Hollywood ya 1927 hadi 1930. Picha halisi za angani za vita ile zinatetemeka, na ndege za adui ni vidoa.

Hatua ya 6: Tafuta mkanda mama

Anza na hifadhi za filamu za Imperial War Museums ya London, British Pathé (mwaka 2014 walipandisha YouTube filamu 85,000 hivi) na Library of Congress ya Marekani. Kwa makoloni ya Uingereza kuna katalogi ya Colonial Film, zaidi ya filamu 6,000.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, propela inaonekana inarudi nyuma. Si dalili ya kughushi?

Hapana, mkuu. Propela ikizunguka mara 15 kwa sekunde na kamera ikichukua fremu 16, kila fremu inaikuta haijatimiza mzunguko mzima, kwa hiyo jicho linaiona ikirudi polepole. Ukiona na mitungi ya injini inazunguka pamoja na propela, usishtuke pia. Injini za Gnome zilifanya kazi hivyo, zikilainishwa kwa mafuta ya nyonyo.

Swali: Yenye mikwaruzo mingi ndiyo ya zamani zaidi?

Mikwaruzo inaongezwa na programu ya simu kwa sekunde moja. Nakala iliyotunzwa vizuri inaweza kuwa safi kuliko video za harusi za miaka ya tisini.

Swali: Shikamoo mwalimu. Ndege zilifika kwetu vita ile?

Marahaba. Zilifika. Novemba 1914 rubani Dennis Cutler, akitumia ndege ya majini ya Curtiss, aliiona manowari ya Kijerumani Königsberg imejificha kwenye delta ya Rufiji. Julai 1915 ndege zilizoruka kutoka Mafia ziliwaelekeza wapiga mizinga wa Severn na Mersey, meli mbili za kivita za Waingereza, na tarehe 11 Königsberg ikaangamia. Mwaka 1916 Wabelgiji waliipiga Kigoma kwa mabomu kutoka upande wa Congo, kwa ndege za majini. Picha mnato za mabaki ya Königsberg zipo nyingi. Ukiletewa video, anza na hatua ya 3.

Swali: Marehemu babu aliacha mikanda ndani ya bati. Nifanyeje?

Usiiweke kwenye projekta, itakatika. Pima upana: ya milimita 16 ilitengenezwa kwa plastiki isiyolipuka. Ya milimita 35 iliyotengenezwa kabla ya miaka ya mwanzo ya 1950 yaweza kuwa naitreti, ambayo hushika moto haraka sana, hata maji hayauzimi. Soma maandishi ya pembeni mwa mkanda: SAFETY ni salama, NITRATE iweke mbali na nyumba na jua. Ukisikia harufu ya siki, mkanda umeanza kuoza. Andika majina yote yaliyo kwenye bati, kisha wasiliana na Nyaraka za Taifa kabla ya kumpa fundi yeyote wa mtaani.