Somo: Kumfundisha mwanafunzi wa sekondari kupima presha kwa masikio yake

Wengi mmeuliza tunavyoendesha chama cha afya katika shule ya kutwa hapa Kisumu, ninakofundisha Jumamosi nikiwa sina zamu ya uuguzi. Nitaeleza somo moja tu, la kupima presha, kwa sababu ndilo linaloonyesha mapema ni kijana gani atafaa kuwa msaidizi kwenye kliniki. Namtafuta yule aliye tayari kusema "Sista, sikusikia vizuri, naomba nirudie" kuliko kuandika namba ya kubahatisha. Mengine yote hufundishika.

Andaa mashine ya mkono yenye saa ya mshale, mikanda yake ya kufunga mkononi ya saizi mbili, futi ya fundi cherehani, kiti chenye mgongo, meza, na stetoskopu ya kufundishia, ile yenye masikio ya watu wawili. Andaa pia barua za ruhusa kutoka kwa wazazi, maana wanafunzi watapimana wenyewe kwa wenyewe.

Hatua ya 1. Mapigo kwanza, mashine baadaye. Vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kwa dakika nzima. Kidole gumba kisitumike kuhesabia, kwani kina mapigo yake. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Asiyeweza kuyapata mapigo kwa vidole hayuko tayari kuyasikiliza.

Hatua ya 2. Mtulize anayepimwa. Asiwe amekunywa kahawa, kuvuta sigara wala kucheza mpira ndani ya nusu saa. Aende choo kwanza. Kisha akae dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na wote wawili wanyamaze. Sweta ivuliwe; mkono wa sweta ukikunjwa juu hubana na kuharibu kipimo. Hapa ndipo vijana hukimbilia kumaliza, na hapa ndipo namba nyingi huharibikia. Mkono ukining'inia tu, presha inasomeka juu kuliko ilivyo.

Hatua ya 3. Pima unene wa mkono kwa futi, katikati ya bega na kiwiko. Kwa kawaida sentimita 22 hadi 26 ni mkanda mdogo, 27 hadi 34 ni wa kawaida wa mtu mzima, lakini soma pia alama za mkanda wenyewe. Vijana wengi wa kidato cha tatu ninaowapima wanahitaji mdogo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, mkubwa kwenye mkono mwembamba huishusha. Ufunge sentimita 2 au 3 juu ya kiwiko.

Hatua ya 4. Shika mapigo ya kifundo na upampu mpaka yapotee. Kumbuka mshale ulikuwa wapi, toa upepo wote, na subiri kidogo.

Hatua ya 5. Weka stetoskopu kwenye mkunjo wa kiwiko, juu ya mshipa. Pampu hadi milimita 30 (za zebaki, ndicho kipimo cha presha kwenye saa) juu ya pale mapigo yalipopotea, kisha achia polepole, milimita 2 kwa sekunde. Sauti ya kwanza ya mapigo inayosikika ndiyo namba ya juu. Pale sauti zinaponyamaza kabisa ndiyo ya chini. Sauti hizi zilielezwa na daktari Mrusi, Nikolai Korotkoff, mwaka 1905, na mpaka leo bado ndizo tunazozifuata. Mvua ya alasiri ikipiga mabati, acha somo. Hakuna atakayesikia chochote.

Hatua ya 6, kuandika. Mwanafunzi na mimi tunasikiliza pamoja kwenye stetoskopu moja, kila mtu anaandika namba yake kwenye karatasi bila kumwonyesha mwenzake, kisha tunalinganisha. Tukipishana kwa zaidi ya milimita 4, tunapumzika dakika moja na kurudia. Nalikagua daftari kila wiki. Saa ya mshale ina alama kila baada ya milimita 2, kwa hiyo namba kama 117 haiwezi kutoka kwake. Na nikikuta ukurasa mzima ni 120/80, 130/80, 110/70, najua kuna anayekadiria, kwa sababu presha ya watu haipendi sifuri kiasi hicho. Simgombezi. Namweka tena kwenye stetoskopu ya watu wawili. Siku moja namba hiyo itaamua kama mama mjamzito atarudishwa nyumbani au atapelekwa hospitali, na atakayeamua ataliamini daftari.

Jambo jingine: namba haitajwi kwa sauti mbele ya darasa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, za mtoto wa shule pia. Na mwanafunzi hamwambii mtu "una presha". Anaandika na kumletea muuguzi.

MASWALI YENU

Mzazi, Nyalenda: Sista, nimesoma kwamba Marekani watoto wa sekondari hufanya mtihani na kupata cheti cha usaidizi wa kliniki. Binti yangu akimaliza kwako atapata?

Hapana, mama, na yeyote atakayekuahidi hivyo kwa ada usimpe pesa. Ni kweli kule kuna shule zinazowaandaa wanafunzi kwa mtihani huo. Hapa kwetu njia huanza baada ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari: chuo kinachotambuliwa, kwa mfano KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, chenye kampasi Kisumu, Nakuru na Kakamega, kisha baraza la taaluma husika. Biolojia, Kemia, Kiingereza na Kiswahili azishike sasa. Chama kinampa mazoea ya mkono na nafasi ya kujua kama kazi hii anaipenda.

Mwalimu, Bungoma: Tuna mashine ya betri pekee. Tuanze nayo?

Anzeni, mwalimu wangu, mradi iwe ya kufungwa juu ya kiwiko. Hatua ya 1 hadi ya 3 ni zile zile. Ila mapigo yasiporuka sawasawa, mashine hiyo inaweza kukosea, kwa hiyo vidole havipumziki.

Mwanafunzi, Nakuru: Nasikia sauti, zinapotea katikati, halafu zinarudi. Niandike ipi?

Swali zuri sana. Pengo hilo lipo kwa baadhi ya watu, na ndiyo maana ya hatua ya 4: inakuzuia kuanzia chini ya pengo. Andika sauti ya kwanza kabisa na ya mwisho kabisa, na umjulishe muuguzi.

Mwalimu, Kakamega: Siku ya wazazi nyanya mmoja alisoma 190/110. Tungefanyaje?

Akae kimya dakika 5, mpime tena. Ikibaki hapo, aonwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akiwa na maumivu ya kifua, macho kufifia, kupumua kwa shida au upande mmoja wa mwili kulegea, msirudie kupima, tafuteni gari.

Mwanafunzi, Ahero: Mkono upi?

Mara ya kwanza yote miwili, kisha tumia siku zote ule uliotoa namba kubwa. Epuka mkono wenye dripu au kidonda, na kwa mama aliyepasuliwa titi, mkono wa upande huo.